Aliyezama Pakavu

Nchi ninayotaka kuwaeleza haipo. Na kama ipo, basi si ile mnayoifikiria, kwa hiyo msianze kutazamana. Inaitwa Karvonia, iko Ulaya, katikati ya milima, haina bahari, na ina jeshi la majini. Jeshi hilo tunalo kwa sababu ya mto. Ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine, Lestria, nayo ina jeshi la majini sawasawa na letu, isipokuwa kofia zao ni za kijani.

Mto wenyewe unaitwa Ordava. Kwenu mto ni mto tu. Kwetu Ordava ni mpaka, ni ule mstari wa buluu uliopinda kwenye bendera, ni ubeti wa kwanza na wa tatu wa wimbo wa taifa, na ni sababu ya vita viwili ambavyo babu zetu walipigana kwa moyo mkunjufu. Baada ya vita vya pili wakubwa wa nchi zote mbili walikutana, wakala samaki, wakatia sahihi mkataba. Mkataba ulisema mpaka ni maji. Anayevuka maji avuke kwa mashua ya serikali, amevaa jaketi okozi, pasipoti mkononi. Anayevuka kwa miguu ni mvamizi. Hilo la miguu liliingizwa kama mzaha tu, watu wakiwa wameshiba, maana siku zile Ordava ilikuwa na kina cha kumeza kanisa na mnara wake.

Mimi naishi Brenik, mji wetu wa mpakani, na kazi yangu ni kushona jaketi okozi za serikali. Nayasema haya mapema mjue kuwa sina kinyongo na mtu. Serikali yangu imenilisha vizuri, hasa tangu mto ulipokauka.

* * *

Naam, ulikauka. Neno hilo nimelisema kwa sauti ya chini, nanyi lisomeni hivyo hivyo.

Ulikauka kwa sababu ya maelewano. Waziri wetu wa Maji, Mheshimiwa Gaspar Lindvay, na waziri mwenzake wa Lestria walikuwa hawajawahi kukubaliana jambo lolote. Hawakukubaliana kuhusu samaki, wala kuhusu daraja, wala kuhusu jina la mto, maana wenzetu wanauita Ordawa na wanaona sisi ndio tunaokosea. Lakini siku moja walikwenda pamoja kuwinda huko milimani, na walirudi wakiwa ndugu. Wakajenga bwawa huko juu. Pembeni mwa bwawa wakajenga kiwanda, na kiwanda kikaanza kuitia Ordava kwenye chupa. Chupa nzuri, zina picha ya mto. Zikauzwa nchi za mbali, zikagawiwa hata ndani ya ndege. Magazeti ya pande zote mbili yakaandika kwamba hatimaye Ordava imeyaunganisha mataifa.

Kiangazi cha kwanza maji yalishuka hadi kiunoni. Cha pili yalifika kwenye vifundo vya miguu. Cha tatu samaki walilala ubavu juu ya kokoto, nasi tukasimama ukingoni kuwatazama, kila mtu na jaketi lake, kwa sababu ukingoni hapaendwi bila jaketi.

Baraza la mji likatuma ujumbe mji mkuu. Mheshimiwa Lindvay aliwapokea vizuri sana, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawaeleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Ndugu zangu wa Brenik," alisema, "mto ukikauka, mpaka haupo. Mpaka usipokuwepo, Karvonia haipo. Karvonia isipokuwepo, mimi si waziri. Sasa nitazameni. Si mnaniona hapa nimekaa kwenye kiti cha waziri? Basi mto upo."

Wajumbe walirudi wameridhika, kila mmoja na chupa ya zawadi.

Tangu hapo kazi iliendelea kama kawaida. Mashua ya serikali ilivuka na kurudi, ikibebwa na mabaharia kwa miti miwili mirefu, abiria wakiwa wamekaa ndani wameshikilia kofia zao. Mabaharia wengine wawili walikaa mbele wakipiga makasia hewani, kwa kuwa mkataba umetaja makasia. Ilikuwa marufuku kuning'iniza mguu nje. Na niwaambie kweli, wapo abiria waliotapika.

Kila asubuhi kipaza sauti cha bandarini kilitangaza hali ya mto. Matangazo yalitungwa mji mkuu, na ofisa mmoja ambaye hakuwahi kufika Brenik, akifuata hali ya mto ya miaka ile mizuri ya zamani. Hivyo tulikuwa na majira yote. Mwezi wa nne mto ulijaa, wa saba ulitulia, wa kumi uliingia ukungu. Tulizoea. Mtu akiambiwa mkondo ni mkali, hakupeleka kuku wake kuchokora kule chini. Kuku wenyewe walikwenda, lakini kuku hawajatia sahihi mkataba wowote.

* * *

Jirani yangu mlango wa pili ni Otilia, mjane, mwenye mgongo ulionyooka kama fimbo na ulimi wa namna hiyo hiyo. Binti yake wa pekee, Radka, ndiye aliyekuwa na tanuri la mikate la mtaa wetu. Alikuwa mwanamke mwenye mikono minene, anayecheka kabla hujamaliza kusema, na aliyekuwa akikuongezea andazi moja huku akikuambia kuwa hajakuongezea. Mumewe, Vilem, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifundisha jiografia. Mtu mpole, wa kuomba radhi hata anapogongwa yeye.

Walikaa miaka mingi bila mtoto, wakakata tamaa, wakanunua mbwa. Halafu Radka akapata mimba. Mtaa mzima ulishiba mikate wiki hiyo.

Wodi ya wazazi ya Brenik ilikuwa imefungwa zamani. Serikali ilieleza kwamba mji wa Solm, ulio ng'ambo tu, una hospitali nzuri sana, na haifai jirani kushindana na jirani. Hospitali hiyo sote tuliiona kwa macho. Ukisimama mlangoni kwa Radka ulisoma neno la HOSPITALI juu ya paa, na jioni ulitambua ni dirisha lipi limewashwa taa. Kwa mto mkavu ni mwendo wa kumaliza sigara moja.

Uchungu ulimwanza Jumatatu ya mwezi wa nane, asubuhi, akitoa mikate tanurini. Alicheka, akaketi juu ya gunia la unga, akamtuma mtu amwite mama yake. Saa sita hivi alikuwa hacheki tena. Mkunga wa mtaa alimpapasa tumbo, akapapasa tena, akamvuta Otilia kando.

"Mtoto amelala kwa kukingama," alisema. "Hapa mimi sina langu. Mvusheni, na mvusheni sasa hivi."

Vilem akaleta mkokoteni wa mikate, tukatandika blanketi, tukamlaza Radka, tukamsukuma hadi bandarini. Mimi nilibeba jaketi nne nilizomaliza kushona usiku uliotangulia, ili mtu asije akatukwamisha kwa jambo dogo.

* * *

Mkuu wa bandari ya Brenik alikuwa Admirali Kuno Teshek. Tulimkuta amesimama kwenye ngazi za gati, amevaa glavu nyeupe, mkono mmoja juu kututaka tusimame.

"Hakuna safari leo," alisema. "Hamkusikia tangazo? Ordava imefurika."

Ni kweli, hatukusikia. Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa na masikio ya kusikia tangazo.

"Mheshimiwa Admirali," Vilem alisema, na sauti yake ilikuwa ya heshima hata wakati ule, "mke wangu anajifungua, na mtoto amekaa vibaya. Naomba utazame mto."

"Nautazama."

"Unaona nini?"

"Naona mafuriko," alijibu Admirali.

Nyuma yake, katikati kabisa ya mafuriko, mbwa wa Vilem alikuwa amelala juani juu ya jiwe.

Otilia akasogea mbele. "Kuno. Mimi na marehemu mama yako tulifua nguo pamoja hapa hapa unaposimama. Mimi ndiye niliyekupangusa kamasi ulipoangukia kwenye kapu la nguo. Nitazame usoni uniambie kuna maji."

Admirali akamtazama usoni, kisha akaanza kuvuta glavu zake. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angetufukuza. Yeye alikwenda ofisini kupiga simu mji mkuu, nasi tukamsikia dirishani akieleza, akinyamaza, akieleza tena. Radka alikuwa ameshika ukingo wa mkokoteni kwa mikono miwili, na kila uchungu ulipomjia magurudumu yalisogea kidogo. Alikuwa akisema, "Mama, usigombane nao. Usigombane nao, watatuchelewesha."

Admirali alirudi na macho mekundu. "Nimewaeleza yote," alisema. "Wamesikitika sana. Wamesema maji yatapungua Alhamisi."

Ng'ambo kwenye gati la Solm, watu walikuwa wamekwisha kutuona. Daktari wa hospitali, Hedda Marens, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, alishuka na wauguzi wawili na machela, na mabaharia wa kofia za kijani wakamzuia hapo hapo. Kwa kuwa hapakuwa na maji ya kupiga kelele, sauti yake ilifika kwetu safi.

"Mtoto amekaaje?" alipaza sauti.

"Amekingama!" alijibu mkunga.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi!"

"Mleteni! Mnangoja nini?"

Sisi wa Brenik tuliona haya, kama watu walioulizwa mbele ya wageni kwa nini nyumba yao haina mlango.

Ndipo Otilia alipouondoa ubao mrefu wa kupangia mikate chini ya mkokoteni, akauweka sambamba na binti yake. "Vilem," alisema, "shika upande wa miguu."

"Mama, sheria ya uvamizi..."

"Shika upande wa miguu."

Akashika. Otilia na mkunga wakashika upande wa kichwa, wakamhamishia Radka ubaoni, wakauinua, wakashuka ngazi za gati, wakaingia mtoni.

* * *

Sijui kama mnaelewa jambo hilo lilivyotushtua. Miaka mitatu mto ulikuwa mkavu, na hakuna mtu mzima asiye baharia aliyekuwa ameukanyaga mbele ya Admirali. Tulibaki kwenye gati tumeshika vifua, na mwanamke mmoja kando yangu akapiga yowe, "Watakufa maji!" Nami, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilikagua kama wamevaa jaketi.

Walitembea kwa taabu, kokoto zikiteleza chini ya miguu. Walifika katikati. Huko ng'ambo Dakta Marens akamsukuma baharia mmoja kifuani kwa nguvu, akaruka, akaja mbio na mkoba wake. Walikutana kwenye jiwe la mbwa. Aliwaamuru waushushe ubao chini. Akapiga magoti, akaingiza mkono, akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya gunia, na akawa anamgeuza mtoto. Radka alilia kilio ambacho sitakielezea.

Hapo ndipo ving'ora vilipolia, vyetu na vyao kwa pamoja.

Kila nchi ilikuwa na kikosi cha uokoaji wa majini, vijana wenye afya, waliofunzwa miaka mingi na ambao hawakuwahi kupata wa kumwokoa. Walikuja kutoka pande zote mbili wakikimbia na kupiga mikono ya kuogelea, kwa kuwa kanuni zao hazikuwa na kukimbia. Nao walikuwa na amri moja iliyo wazi katika mkataba: anayepatikana majini katika hatari arudishwe ukingo aliotoka.

Mtoto alikuwa amekwisha kutoka. Tulisikia sauti yake, nyembamba, ya hasira. Daktari alikuwa ameshaifunga na kuikata kamba ya kitovu, amemshika mtoto kwa mkono mmoja na kwa mwingine anakandamiza tumbo la mama yake, wakati waokoaji wa kofia za kijani walipomshika kwapani.

"Anavuja damu!" alipiga kelele. "Niacheni! Nikiondoa mkono atakufa, niacheni!"

Walimwambia atulie, asipigane na mwokoaji, maana wengi wanaokufa maji hufa kwa sababu hiyo. Wakamburuta hadi Solm, yeye na mtoto. Wetu wakambeba Radka hadi Brenik. Vilem alikuwa ameushika mkono wa mkewe, na ilibidi wamfungue vidole.

Walimlaza kwenye gati, karibu na miguu yangu. Nahodha wa kikosi akaanza kumkandamiza kifua ili maji yatoke mapafuni. Nilimwuliza kama nilete blanketi na nguo za kuzuia damu. Akanijibu kwa adabu kwamba blanketi huletwa baada ya maji kutoka. Otilia alimpiga kofi, akampiga lingine, naye aliendelea kukandamiza, jasho likimtoka, kijana wa watu, akihesabu kwa sauti. Ng'ambo daktari aliendelea kupaza sauti kueleza la kufanya, na tulisikia kila neno. Mkunga alijaribu kulifanya, lakini mikono ya waokoaji ilikuwa mingi mno.

Radka aligeuza kichwa upande wa Solm. Sidhani aliona kitu. Kisha damu ikaacha kutoka, kwa sababu ilikuwa imekwisha.

Daktari wa jeshi la majini akaja, akamkagua, akavua kofia, akatamka sababu ya kifo. Kuzama.

* * *

Sasa niwaeleze bahati yetu. Miezi hiyo magazeti ya nchi za mbali yalikuwa yameanza kuuliza maswali. Yaliandika kwamba Ordava haipo tena, na wanunuzi wa chupa wakaanza kuuliza kama mto uliochorwa kwenye chupa bado upo. Mheshimiwa Lindvay alikuwa hapati usingizi. Na ghafla, bila yeye kuomba, mtu amezama. Je, mtu atazamaje kama hapana mto?

Yakatangazwa maombolezo ya kitaifa. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Waandishi wa habari wa kigeni wakaalikwa Brenik kwenye ibada ya kumkumbuka marehemu, na jukwaa likajengwa gatini, limeuelekea mto, ili wapiga picha waupe mgongo na wasisumbuliwe na mwanga.

Katibu wa Waziri alikwenda nyumbani kwa Otilia, ambako Vilem alikuwa amehamia, kwa sababu kwake hakuweza kupita mbele ya tanuri. Mimi nilikuwepo, nimepeleka supu. Katibu alikuwa kijana msafi, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mwalimu, pole sana," alisema. "Tuna suala dogo la mtoto. Wenzetu wa Lestria hawana kinyongo, wako tayari kumrudisha. Lakini ni lazima wajue wanamrudisha nani. Kama mama yake alizama, basi mtoto ni mwokolewa wa majini, na mkataba unasema arudi ukingo wa mama yake. Jambo limekwisha. Kama mama hakuzama, basi mtoto alizaliwa pakavu, katikati, mahali ambapo hapana pakavu. Mtoto wa namna hiyo, Mwalimu, hata ukitaka kumsaidia hujui uanzie wapi. Hana nchi. Atabaki kwenye nyumba ya yatima ya Solm hadi wanasheria wa pande zote mbili wakubaliane, nao hawajakubaliana bado kuhusu jina la mto."

"Mnataka nini?" aliuliza Vilem.

"Useme maneno machache kwenye ibada. Ulikuwepo. Wewe ndiye shahidi. Useme tu alivyozama."

Katibu alipoondoka, Otilia hakuinuka mezani.

"Radka hakuzama," alisema. "Alitokwa damu hadi akaisha, na daktari anamtazama."

"Najua, Mama. Nilikuwa nimemshika."

"Wanataka umuue mara ya pili."

"Mama," alisema Vilem, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akimpandishia sauti mama mkwe wake, "mimi namtaka mwanangu. Nikisema kweli, mwanangu atalelewa na watu baki, na Radka hatafufuka. Niambie wewe nifanye nini. Niambie nitafanya."

Otilia alikunjua na kukunja kitambaa cha mezani.

"Nenda kaseme," alisema.

* * *

Ibada ilifana. Bendi ya jeshi la majini ilipiga. Mheshimiwa Lindvay alisimama na suti nyeusi, akahutubia.

"Wananchi wenzangu! Leo Ordava imetunyang'anya binti yetu. Nalia kama mzazi. Lakini kama kiongozi nawauliza wanaotusema vibaya huko nje: ni mto gani mkavu unaoua? Huu ni mto hai! Ni mto wenye nguvu! Serikali yenu imewaonya tena na tena msiuchezee, na ninaagiza kuanzia leo jaketi okozi zivaliwe hadi mita mia kutoka ukingoni."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wengine, kwa kuwa agizo hilo lilikuwa kazi ya mwaka mzima.

Akaitwa Vilem. Alipanda jukwaani na koti lililompwaya, akasimama mbele ya vipaza sauti, akanyamaza hadi Katibu akaanza kukohoa. Kisha akaanza, kwa sauti ndogo.

"Mke wangu alizama," alisema. "Nilimshika mkono. Maji yalikuwa baridi."

Akanyamaza tena. Nilidhani amemaliza, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Lakini aliendelea. Alisema maji yalianza kwenye magoti yake, na Radka akacheka, kwa sababu alikuwa akicheka kila kitu. Alisema yalipanda yakafika kifuani. Alieleza nywele zake zilivyofunguka na kuelea, unga wa asubuhi bado umo ndani yake, na unga ukawa unatoka, mweupe, ukienda na mkondo. Alisema alihisi vidole vyake vikifunguliwa kimoja kimoja, na hakujua ni nani anayevifungua, maana kitu chenye nguvu kiasi kile hakina uso. Alisema Radka aligeuza kichwa upande wa Solm, akazama akiwa anatazama taa.

Watu walilia kwa sauti. Waandishi wa kigeni waliacha kuandika. Mabaharia walilia. Mimi niliyekuwa pale, niliyekuwa na damu yake kwenye viatu, niliyaona maji. Nawaambia niliyaona. Mheshimiwa Lindvay alijipangusa macho kwa leso, na sidhani alikuwa akiigiza.

Otilia peke yake ndiye aliyekuwa na macho makavu. Alikuwa mstari wa mbele, anamtazama mkwe wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

* * *

Baada ya hotuba ikaja zamu ya mtoto. Mashua ya Lestria ilishuka kutoka Solm, ikibebwa kwa miti, makasia yakipiga hewa, na ndani yake muuguzi amempakata mtoto aliyefungwa ndani ya jaketi okozi dogo sana, ambalo silo nililoshona mimi. Mpango ulikuwa hivi: mashua ya kwetu iende hadi katikati, mabaharia wapeane mtoto, bendi ipige nyimbo mbili za taifa, mawaziri wapeane mikono. Kamera zote zilikuwa zimegeuzwa huko.

Otilia hakungoja. Aliinuka, akapita kati ya Admirali na askofu, akashuka ngazi, akaingia mtoni na viatu vyake vyeusi vya msiba. Alitembea polepole, kwa sababu ya magoti. Vumbi lilimwinukia hadi kwenye upindo wa gauni. Kikosi cha uokoaji kilimtazama nahodha wake, naye nahodha, yule kijana aliyepigwa makofi, akatazama chini.

Alifika kwenye mashua, akanyoosha mikono. Muuguzi alitazama kulia, akatazama kushoto, akampa mtoto. Otilia akamvua lile jaketi, akaliacha lianguke juu ya kokoto, akamweka mjukuu wake begani, akarudi na mwendo ule ule. Bendi ilikuwa imenyamaza. Ilisikika kokoto tu.

Jambo hilo lilionekana moja kwa moja kwenye televisheni ya nchi sita. Mnaweza kukisia tulivyoogopa. Lakini serikali yetu haikuwahi kukosa la kusema, na taarifa ya habari ya jioni ilitoa maelezo kamili: kwa nguvu ya upendo na kwa baraka za taifa, bibi mmoja wa Brenik alikuwa ametembea juu ya maji. Askofu alisema Kanisa litachunguza bila haraka. Wiki haikuisha kabla ya mahujaji wa kwanza kufika, nao wote walihitaji jaketi.

* * *

Mtoto ni wa kike, ana sauti, na anakula vizuri. Nilikuwa kwao siku Katibu wa Waziri alipokuja tena, na maua safari hii. Alimwambia Vilem kwamba wizara imesikiliza hotuba yake mara nyingi, na kwamba yule ofisa anayetunga matangazo ya mto amezeeka. Nafasi yake ina nyumba mji mkuu, ina shule ya mtoto, ina hospitali. Alisema ajibu akipenda, hakuna haraka, kisha akaenda zake.

Vilem alimpakata mtoto, akatembea naye kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi.

"Mama," alisema. "Tangu siku ile hunisemeshi. Unanilaumu kwa nilichosema?"

Otilia alikuwa akimenya viazi. Alimaliza kimoja, akakitia kwenye sufuria.

"Kusema ulikuwa huna budi," alijibu. "Hata mimi ningesema. Lakini mimi ningekwama. Ningesahau maneno, ningesema alizama halafu nishuke nikatapike nyuma ya jukwaa. Wewe ulisema vizuri, Vilem. Ulisema vizuri mno."

Vilem alimlaza mtoto kitandani, akamfunika, akasimama akimtazama.

Jumatatu iliyofuata alianza kazi.